Tutazame Kabla ya Kuandika

(Mhadhara kwa walimu, makhatibu na wanafunzi wa madrasa)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata uongofu wao. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kutajwa msikitini, ilhali athari yake tunaisikia kila Ijumaa. Nalo ni ukavu wa kalamu zetu.

Ukavu huu watoka wapi?

Tumesahihisha insha nyingi za vijana wetu. Mwalimu akitoa mada ya asubuhi, madaftari thelathini hurejea na asubuhi moja: jua limechomoza, ndege wanaimba, upepo unavuma. Ni ndege gani? Ni upepo wa kusi au wa kaskazi? Hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyetazama. Kila mmoja ameinakili asubuhi ya kitabuni.

Mimbarini nako hali haiko mbali na hiyo. Khutba zilizotungwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine hutafsiriwa neno kwa neno, na msikilizaji anayengoja mvua za masika husimuliwa baridi ya shitaa na moto wa kuota. Khatibu amesema kweli, lakini maneno yake hayakupata pa kushika moyoni mwa msikilizaji. Hasara iliyopo ni kubwa: ujumbe wa haki unafika ukiwa hauna uhai.

Qur'an yaelekeza macho

Katika Suratul-Ghashiya (88:17-20) watu wanaulizwa kuhusu ngamia, mbingu, milima na ardhi. Zingatieni kwamba waulizwaji wa mwanzo walikuwa wafugaji na wasafiri. Ngamia walikuwa naye usiku na mchana. Kumwona walimwona; walilotakiwa ni kuitazama namna ya kuumbwa kwake. Baina ya kuona na kutazama pana umbali, na kalamu hai huzaliwa katika umbali huo. Na katika Suratul-Maida (5:31) mwana wa Adam aliyemuua nduguye hakujua la kufanya na maiti, mpaka alipomtazama kunguru akifukua ardhi. Mwanadamu alijifunza kwa ndege.

Ulamaa walitoka nje ya miji

Al-Kisai, aliyefariki mwaka 189 H, twamjua kuwa ni mmoja wa maimamu saba wa visomo vya Qur'an. Imepokewa kwamba alipofika Basra alimuuliza Al-Khalil bin Ahmad elimu yake ya lugha ameipata wapi. Akajibiwa: katika majangwa ya Hijazi, Najdi na Tihama. Al-Kisai akafunga safari. Inasimuliwa kuwa hakurejea mpaka alipomaliza chupa kumi na tano za wino, mbali na aliyoyahifadhi kifuani. Naye aliporejea, Al-Khalil alikwishafariki.

Hakuifuata michanga mitupu. Aliwafuata mabedui, watu walioishi na jua, nyota, mvua na wanyama, na kila hali ya vitu hivyo wakaipa jina. Maneno huishi pale vinapoishi vitu vyenyewe. Mwenzake Al-Asmai, aliyefariki mwaka 216 H, naye alikusanya lugha kwa mabedui, akatunga vitabu juu ya farasi, ngamia na mimea.

Tumtazame pia Ibn Khafaja, mshairi wa Andalusia (450-533 H). Aliishi Shuqr, mji wa mto na mabustani karibu na Valencia, na kwa wingi wa mashairi yake juu ya miti, maua na maji akapewa lakabu ya Al-Jannan, yaani mtunza bustani. Wapokezi wanaeleza kuwa alikuwa akitoka peke yake mpaka baina ya milima miwili, akajinadia kwa sauti ya juu kwamba atakufa. Katika kasida yake mashuhuri aliupa mlima ulimi, ukasimulia watu wote waliopita kwake wakatoweka, hali wenyewe ungali umesimama. Kutembea kwake kulimpa mashairi, na mashairi yake yakabeba mawaidha.

Darasa lililo mlangoni petu

Sisi tuishio pwani hatuhitaji kufunga safari ya Najdi. Mtazameni mnana juu ya mnazi. Dume huchana ukuti nyuzi nyuzi, akafuma kiota kwa mdomo. Jike huja kukikagua. Kisipokubaliwa, dume hukibomoa akaanza upya. Ni mwandishi gani kati yetu awezaye kuchana ukurasa wake kwa moyo kama huo?

Nendeni kwenye mikoko maji yanapokupwa. Mti wa mchu umesimama katika tope lisilo na hewa, nao umechomoza mizizi yake juu kama vidole ili ipate kuvuta pumzi. Hunywa maji ya bahari, kisha chumvi huitoa kwa majani. Ukilamba jani lake utaionja. Khatibu atakaye mfano wa muumini aishiye mahali pagumu bila kuharibika, ataupata hapo. Kisha tazameni bahari inavyoifuata kalenda yetu ya Hijria: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndipo huja bamvua, ukiwa nusu, maji huwa mafu. Wavuvi wanayajua haya. Wanafunzi wetu wengi wanaosoma habari za mwezi vitabuni hawayajui. Na kila mikoko inapofyekwa, majina na mifano hii hufa pamoja nayo.

Jibu kwa wenye shaka

Wapo watakaosema kuwa huu ni upuuzi wa kupoteza wakati. Tunawajibu kwamba kutafakari uumbaji ni sifa ya wenye akili (3:190-191). Na wapo wanaochelea tusije tukayatukuza maumbile. Hadhari yao ni njema. Mti hauteremshi wahyi, wala fikra inayomjia mshairi ufukweni si wahyi, wahyi umekwishakamilika. Mti ni alama, na alama hutazamwa ili ajulikane aliyeiweka.

Tufanye nini?

Kwanza, kila madrasa itenge angalau siku moja kwa mwezi ya kuwatoa wanafunzi nje, ufukweni au shambani, wakiwa na daftari na bila simu. Pili, kila mmoja achague kitu kimoja tu, akitazame muda mrefu kabla ya kuandika neno. Tatu, waulize majina kwa wavuvi, wakulima na wazee, kama Al-Kisai alivyowauliza mabedui. Nne, waandike, wasomeane, wabomoe na wafume tena. Nasi walimu na makhatibu tutangulie, kwani mtoto hufuata nyayo kuliko amri.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe macho yenye kuzingatia, ndimi zenye kusema kweli na kalamu zenye manufaa kwa umma huu. Amin.

Wabillahi tawfiq.