Masharti ya Kozi ya Kalkulasi ya Pili: Tunatuza Jibu au Uhakiki?



Karatasi ya maelezo ya kozi inayogawiwa wiki ya kwanza tumezoea kuiona kama tangazo la ofisi: namba ya kozi, saa za vipindi, orodha ya mada, onyo kuhusu udanganyifu. Mwanafunzi huipitia mara moja, macho yakitafuta kitu kimoja tu, yaani alama zinatoka wapi. Simlaumu. Hapo ndipo anapojua tunathamini nini, hata tukihubiri mengine ubaoni kwa wiki 15. Leo nataka kutetea jambo moja: masharti ya Kalkulasi ya Pili hayafai kunakiliwa kutoka Kalkulasi ya Kwanza, kwa sababu muhula wa pili hisabati yenyewe hubadilika tabia.

Katika muhula wa kwanza, anayetafuta derivativi ana kanuni za kufuata. Mpe fomula ndefu kiasi gani, akiwa mvumilivu atafika. Intigrali haina barabara ya namna hiyo. Lazima achague: abadili kigeu, afanye intigrali kwa sehemu, aipasue sehemu kubwa kuwa sehemu sahili, au aingize saini na tanjenti. Anaweza kuchagua vibaya na kuligundua hilo baada ya nusu ukurasa. Kuna pia zile zisizo na jibu la fomula ya kawaida kabisa, kama intigrali ya e^(−x²), ambayo takwimu inaitegemea sana. Joseph Liouville alionyesha katika miaka ya 1830 namna ya kuthibitisha kwamba intigrali za aina hiyo haziandikiki kwa fomula tulizozizoea. Tatizo si uvivu wa anayezitafuta.

Hata hivyo, intigrali ina ukarimu ambao hatuutumii. Aliyepata jibu anaweza kulipima mwenyewe, papo hapo, bila mwalimu. Mwanafunzi akisema intigrali ya xe^x ni xe^x − e^x + C, atafute derivativi ya jibu hilo: e^x + xe^x − e^x. Zile e^x mbili zinafutana, xe^x inabaki. Kazi ya nusu dakika. Maana yake ni kwamba majibu mengi yenye makosa tunayosahihisha kila muhula yangeweza kunaswa na walioyaandika, ndani ya chumba cha mtihani. Hawayanasi kwa sababu hakuna alama inayotolewa kwa kuyanasa.

Kwa hiyo napendekeza sharti hili: katika kila swali la intigrali lenye alama 10, alama 2 ziwe za uhakiki. Aliyepata jibu sahihi bila kulihakiki azikose. Aliyehakiki, akaona jibu lake halikubali, na akaandika wazi kwamba limekosewa na anashuku mstari fulani, azipate. Najua wapo watakaosema tunagawa alama kwa makosa. Mimi nasema mhandisi anayejua kwamba hesabu yake ya nguzo haijakaa sawa ni mtu salama zaidi kuliko yule asiyejua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni intigrali ya 1/x² kutoka −1 hadi 1. Mwanafunzi anaandika −1/x, anaingiza mipaka, anapata −2, anapiga mstari chini ya jibu na kuhamia swali linalofuata. Kila hatua inafanana na alivyofundishwa kidato cha sita. Lakini mchoro wote wa 1/x² uko juu ya mhimili! Eneo lililo juu ya mhimili haliwezi kuwa hasi. Kilichotokea ni kwamba kwenye sifuri 1/x² inapaa bila kikomo, na intigrali hiyo haina thamani. Baadhi yetu humpa mwanafunzi huyu alama 6 au 7 za hatua. Nadhani tunamdhuru. Apewe zile zinazolingana na kujua derivativi, si zaidi ya hapo.

Mazoea ya namna hii ndiyo yanayowaponza vijana wa PCM, yaani waliosoma Fizikia, Kemia na Hisabati kidato cha sita. Wanaingia wakijua mbinu za intigrali, wanapita wiki za mwanzo wakisinzia, kisha inafika mifululizo na kozi inawaangusha. Vijumlishwa vya 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea hupungua kuelekea sifuri, na vijumlishwa milioni moja vya kwanza vinatoa jumla inayozidi 14 kwa kiasi kidogo tu. Kalkuleta itamwambia mwanafunzi kwamba hesabu imetulia. Haijatulia, jumla hiyo hupita namba yoyote utakayoitaja, kama Nicole Oresme alivyothibitisha katika karne ya 14. Ndiyo maana sioni haja ya kuipiga marufuku kalkuleta katika kozi hii. Swali likiuliza sababu, kalkuleta haina la kusema.

Kuhusu mgao, vyuo vyetu vingi hapa Tanzania hutumia 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Kenya mara nyingi ni 30 kwa 70. Ndani ya zile 40 napendekeza 24 za majaribio, 10 za ubaoni kwenye semina, na 6 tu za kazi za nyumbani. Majaribio yawe matatu, yahesabiwe mawili bora. Hilo litamsaidia aliyefiwa, aliyeugua na aliyekwama kwa ajili ya ada, na litapunguza biashara ya vyeti vya hospitali ambayo sote tunaijua na hatuitaji.

Kazi za nyumbani nimezipa alama chache kwa sababu ya simu. Programu kama Photomath na ChatGPT hutoa hatua zote, na kuandika neno "marufuku" kwenye karatasi ya kozi hakumzuii mtu aliye bwenini saa sita usiku. Anachoshindwa kukiazima ni kusimama ubaoni dakika tano na kueleza kwa nini alibadili kigeu badala ya kufanya kwa sehemu. Darasa likiwa na watu 300 hatuwezi kuwasikiliza wote kila wiki. Wasaidizi wachague majina kwa kura katika kila kundi la semina, na kila mmoja apande angalau mara mbili kwa muhula. Na aelezee kwa Kiswahili akitaka. Mtihani utabaki kwa Kiingereza, lakini ubaoni tunapima fikra.

Makundi hayo yana ushahidi wake. Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970, aliwafuatilia wanafunzi wa kalkulasi. Wamarekani weusi wengi aliowachunguza walisoma kwa bidii lakini peke yao, wakati wenye asili ya China walikaguana kazi baada ya kila mmoja kujaribu kivyake. Alipoanzisha warsha za maswali magumu, matokeo ya walioshiriki yalipanda sana. Diskasheni za vijana wetu mara nyingi ni mmoja kufundisha na wengine kunakili desa. Kanuni ya kujaribu kwanza, ndipo kukaguana, iandikwe kwenye karatasi ya kozi.

Ninaloomba kwa idara ni jambo dogo. Wekeni alama za uhakiki katika jaribio la kwanza la muhula ujao, mlinganishe majibu ya wanafunzi na ya mwaka jana. Jambo hili halidai bajeti, wala halihitaji kibali cha Seneti, kwa kuwa 40 kwa 60 haijaguswa.