Simu Isituvunjie Mkutano

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia, Kotile)

 

Nimeombwa niseme juu ya swali linaloleta ubishi vikundini. Sasa tuna simu. Mchango unatumwa kwa M-Pesa, habari zinasomwa kwa WhatsApp. Basi kwa nini mama atembee juani mwendo mrefu, aje kukaa chini ya mti kila mwezi?

Swali hili si la ujinga. Tulijibu pamoja.

Wazee waliopo hapa wanaijua sahan. Kabla mifugo haijahamishwa, vijana wenye macho mazuri walitumwa kwenda kutazama malisho. Waliporudi, hawakusema tu "mvua imenyesha" mambo yakaishia hapo. Walikalishwa wakaulizwa. Majani yamefika wapi? Maji yatatosha siku ngapi? Nani ametangulia, na ana mifugo mingapi? Kuna kupe? Kuna ugonjwa? Kijana akisita kujibu, wazee walimwona. Ndiyo maana Msomali akikutana na mwenzake humwambia "Warran?", yaani lete habari. Na habari ikiletwa, huulizwa maswali.

Sasa leo ujumbe unaingia kwenye simu: "Mvua kubwa imenyesha upande wa Hulugho." Aliyeona ni nani? Ni mvua ya jana au ya mwaka jana? Aliyetuma ameona mwenyewe, au naye ametumiwa? Ujumbe haujibu. Ukiswaga ng'ombe wachovu kwa habari kama hiyo halafu ukute vumbi, wale watakaokufia njiani aliyekutumia ujumbe hatawalipa.

Lakini jamani, tusiitukane simu. Mkumbuke mwisho wa mwaka 2006. Mvua ilipita kiasi, mafuriko yakaja, mbu wakajaa. Wafugaji wakaona mifugo ikiharibu mimba na kutoka damu puani. Waliujua ugonjwa huo, wakauita sandik. Wengi walikuwa wameuona au kusimuliwa juu yake, kwa maana uliua watu na mifugo Garissa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998. Madaktari huuita homa ya Bonde la Ufa.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wafugaji wa Kisomali walizitambua dalili mapema kuliko idara zenyewe. Lakini habari ilichelewa kufika ofisini. Mwezi wa Desemba 2006, watu walikuwa wameanza kufa. Kabla ugonjwa haujaisha mwaka 2007, zaidi ya watu 100 walikufa katika Kenya, na biashara ya mifugo ikasimamishwa. Maarifa yalikuwepo chini ya mti, lakini hayakuwa na miguu. Simu ndiyo miguu hiyo. Ukiona mbuzi kadhaa wameharibu mimba kwa wakati mmoja, usingoje mkutano. Piga simu kwa afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa niwaambie jambo nililoliona mwenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama kiliacha kukutana. Kila mwezi pesa ziliingia kwa simu, mweka hazina akaandika "zimefika", wengine wakajibu "sawa". Baada ya miezi mingi walikutana kwa sababu ya msiba. Wakamwona mwenzao mmoja amekonda sana. Kumbe alikuwa akiuza mbuzi mmoja mmoja ili asikose mchango, na sasa hakubaki na hata mmoja. Wakamwambia, "Dada, mbona hukusema?" Akajibu, "Hakuna aliyeniuliza."

Hesabu za kikundi hicho zilikuwa safi kabisa. Lakini kikundi cha kujisaidia kilishindwa kujua kwamba mtu wake anahitaji msaada. Wangemwona uso mwezi wa kwanza tu, wangemuuliza.

Na tusisahau wale wasiojua kusoma. Mama anayesomewa ujumbe na mtoto wake hawezi kueleza shida yake humo. Chini ya mti, ana sauti kama mwenyekiti.

Kwa hiyo nashauri hivi. Pesa zipite kwa simu, kwa maana ni salama na alama inabaki. Habari ya hatari ipigwe kwa simu mara moja. Lakini uamuzi wa kuhama, kukopesha au kumtoa mwanachama ufanywe watu wakiwa wamekaa pamoja. Na kila mkutano uanze kwa "Warran?" kwa kila mtu, hata aliyelipa.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Ni habari gani ya simu iliyowahi kutudanganya? Tungeiuliza nini?
2. Nani katika kikundi chetu hajaonekana miezi miwili? Nani ataenda kwake wiki hii?