Maji Yaliyokuja Jua Likiwaka



Vijana wa makanisa yetu hupenda kuzuru mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Kwa lugha yetu ni Lango la Jehanamu. Ilitengwa mwaka 1984. Humo mtu hutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na pale Olkaria mvuke wa ardhini umekuwa ukitoa umeme tangu 1981. Nani asiyemsifu Muumba hapo?

Lakini Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa ndani ya korongo jembamba la mbuga hiyo, maji yakaja ghafula. Wakafa 7. Septemba 2019 wakafa wengine 7, mwongozaji mmoja miongoni mwao. Mvua hunyesha mbali, juu vilimani, na huku chini jua laweza kuwa linawaka. Sisi wa Mbeere twaijua mito ya mchanga. Jambo hili si geni kwetu.

Mtu akikuuliza walitenda dhambi gani, mkumbushe mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Bwana alikataa kabisa kuwa hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu.

Basi ninyi wazee mnaotia sahihi barua za safari, waulizeni askari wa mbuga: korongo limefunguliwa? Kumenyesha vilimani? Kukiwa na wingu lolote, watoto na wabaki juu, wale chapati zao wakitazama twiga.