UMEME WA GHALANI: TUPIGE HESABU KWANZA
(Maneno tuliyosema mkutanoni)



Ghala letu limejaa pamba, na waya wake wa taa una fyuzi ya ampea 5. Sasa wengine wetu twataka kuchomeka humo jiko la umeme. Haya, tuhesabu. Kwa volti 230, jiko lavuta ampea 10. Volti mara ampea, 230 × 10, ni wati 2300: hiyo ndiyo nguvu. Volti gawanya kwa ampea, 230 ÷ 10, ni omu 23: huo ndio ukinzani. Ukinzani ukiwa mdogo, umeme mwingi hupita.

Basi fyuzi ikikatika, imetulinda. Tusiweke waya mnene mahali pake, maana waya wa ukutani utashika moto na jasho letu la msimu mzima litateketea.