Jirani Ndiye Mwokozi wa Kwanza
Hotuba ya afisa uhusiano wa polisi kwa wakazi wa mpakani, Mlima Elgon



Tumekutana msimu wa mvua ukikaribia, na hakuna kati yetu asiyejua maana yake. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ukafukia makazi pamoja na kituo cha afya, na watu wengi hawakuonekana tena. Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na magogo ukawapitia watu wa Bukalasi. Novemba 2019 majirani zetu wa Pokot Magharibi walizika wapendwa wao. Novemba 2024 msiba ukaingia Bulambuli. Mvua haiulizi mtu kitambulisho cha nchi gani.

Swali lililotuleta hapa ni hili: kwa nini jamii moja husimama upesi baada ya maafa, na nyingine hubaki chini miaka mingi? Wengi wetu tungejibu kwamba ni fedha, au ni ukubwa wa maafa yenyewe. Wataalamu wa elimu ya jamii wamelichunguza jambo hili kwa makini, na jibu lao linatuhusu.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Daniel Aldrich, alichunguza mji wa Kobe, Japani, uliopigwa na tetemeko la ardhi tarehe 17 Januari 1995. Katika mtaa wa Mano wakazi walikuwa wamezoea kushirikiana tangu miaka ya 1960, walipoungana kupinga uchafu wa viwanda. Moto ulipozuka baada ya tetemeko walipanga mstari, wakapokezana ndoo za maji, wakauzuia. Katika mtaa wa Mikura, usio mbali na hapo, watu hawakuwa na mazoea hayo, na nyumba ziliteketea wakitazama. Mjini humo, wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na jamaa na majirani kabla waokoaji wa serikali hawajafika.

Sisi polisi hatuoni haya kulikubali hilo. Barabara ikikatika, gari letu halipandi mlima. Tufikapo kwa miguu, jembe la jirani limekwisha kufanya kazi ya saa nyingi.

Somo la pili linahusu kuhamishwa. Baada ya tetemeko la Kobe, wazee wengi waligawiwa nyumba za muda kwa bahati nasibu, wakatenganishwa na majirani wao, na baadhi walikufa peke yao bila mtu kujua. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, katika mji wa Iwanuma, baadhi ya waathirika walihamishwa kwa makundi ya majirani na wengine mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Watafiti waliwafuatilia, wakaona kwamba waliohama pamoja waliendelea kutembeleana na kushirikiana, ilhali uhusiano wa waliotawanywa ulififia.

Hapa kwetu tunayo Kiryandongo. Walionusurika Nametsi walipelekwa huko na kupewa ardhi, lakini baadhi yao walirudi mlimani, kwenye hatari ileile. Tusiwaite wakaidi. Waliacha mashamba ya kahawa na migomba, jamaa, na makaburi ya wazazi. Mtu huhama na mzigo wake. Ujirani haubebeki kichwani.

Somo la tatu linatugusa sisi wenye sare. Polisi wengi huamini kwamba baada ya maafa kazi ya kwanza ni kuzuia uporaji. Enrico Quarantelli na wenzake, waliochunguza maafa kwa miongo mingi, walionyesha kwamba baada ya maafa ya asili uporaji na taharuki ni nadra kuliko inavyodhaniwa. Watu wengi husaidiana. Kwa hiyo anayekuja mbio na koleo tusimpokee kama mshukiwa.

Hata hivyo, umoja nao una kivuli chake. Katika Tamil Nadu, India, baada ya tsunami ya mwaka 2004, vijiji vya wavuvi vilivyoshikamana vilipata misaada mapema, lakini wajane, Wadalit na wasio na nafasi katika mabaraza ya vijiji mara nyingi waliachwa nje ya orodha. Kijiji kinaweza kuwa na umoja na bado kikamsahau mpangaji, mgeni, au mama asiye na mume.

Kwa hayo, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila kundi la Mayumba Kumi upande wetu, na Nyumba Kumi upande wa Kenya, liandike kabla ya mvua nani hulala katika kila nyumba, nani mgonjwa, nani hawezi kukimbia. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti na nyingine kituoni kwetu. Pili, wajane, wapangaji na wageni waandikwe kwanza. Tatu, serikali ikitaka kuwahamisha, ombeni mapema kuhama mtaa mzima pamoja, nasi tutalifikisha ombi hilo kwa wakubwa wetu.

Nasi tunaahidi kwamba maafisa wa kituo cha mpakani watawajua wenyeviti na wazee wa pande zote mbili kwa majina na kwa namba za simu. Siku ya msiba, ndugu akifika na chakula au jembe, tutamhudumia upesi kwa utaratibu, asikawizwe bila sababu.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mkirudi nyumbani leo, bisheni hodi kwa jirani msiyemjua na mmwulize jina lake. Siku udongo utakaposhuka, huenda yeye ndiye atakayejua mlikolala.