Mpira wa Vinyoya: Somo la Kuanza Tena

Natumaini mmekwisha keti, ninyi wa Lushoto, wa Soni, wa Mlalo na wa Mtae, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo tutasoma habari za Mfaransa mmoja, jina lake Brice Leverdez. Kazi yake ilikuwa kucheza mpira wa vinyoya, mtu mmoja kwa mmoja.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mpira huu haudundi. Ni kizibo kilichochomekwa manyoya 16 ya bata, na uzito wake wote wapata gramu 5 tu. Wachezaji huupiga juu ya wavu kwa raketi, yaani kibao chenye nyuzi. Kwa kuwa ni mwepesi hivyo, mashindano makubwa huchezwa ndani ya nyumba. Ukiupiga pale kwenye jabali la Irente, upepo utaupeleka Mazinde, na mchezo umekwisha!

Anayefikisha pointi 21 hushinda seti, lakini lazima amzidi mwenzake kwa pointi 2. Wakikaribiana huendelea mpaka mmoja amzidi mwenziwe, au afike 30. Anayeshinda seti 2 ndiye mshindi.

Leverdez alizaliwa mwaka 1986. Alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Huko alikuwako pia jirani yetu Edwin Ekiring wa Uganda, katika mchezo huo huo. Leverdez akaenda tena Rio de Janeiro mwaka 2016, na Tokyo mwaka 2021. Mara zote tatu alirudi bila nishani. Je, tuseme alipoteza wakati wake?

Ngojeni kwanza. Turudi mwezi wa Agosti 2017, katika mji wa Glasgow, kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Leverdez alikuwa na miaka 31. Katika mchezo wake wa kwanza alipangiwa Lee Chong Wei wa Malaysia, mtu mwenye nishani 3 za fedha za Olimpiki. Watu wengi walidhani mambo yamekwisha kabla ya kuanza.

Seti ya kwanza Leverdez alishinda, 21 kwa 19. Seti ya pili alishindwa, 22 kwa 24. Fikirini hali yake. Alikuwa karibu kabisa kumaliza, ushindi ukamponyoka. Ni kama mtu aliyepanda kutoka bondeni na tenga la viazi, akafika karibu na barabara, akateleza, viazi vikaporomoka mpaka chini. Afanye nini? Ashuke, aokote, apande tena.

Seti ya tatu huanza 0 kwa 0. Leverdez akaianza upya, akashinda 21 kwa 17.

Hakuwa bingwa wa dunia mwaka ule. Bingwa alikuwa Viktor Axelsen wa Denmark. Lakini Leverdez hakuacha. Mwaka 2019, huko Minsk, alipata nishani ya fedha katika Michezo ya Ulaya.

Sasa chukueni kalamu. Jumlisheni pointi za Leverdez: 21, 22 na 21. Halafu za Lee: 19, 24 na 17. Mmepata 64 na 60? Vizuri. Basi katika pointi 124, waliachana kwa 4 tu.

Kwa nini nimewaeleza haya? Karibu kila darasa lina mtu aliyeacha kuja. Siku moja alishindwa kusoma ubaoni mbele ya wenzake, akaona haya, akasema, "Mimi nimekwisha kuwa mzee." Labda mtu huyo ni jirani yako. Jioni hii pita kwake. Usimcheke, wala usimhubirie. Mwambie kwamba seti ya pili ndiyo iliyokwisha. Ya tatu bado haijaanza.

Maswali:

1. Kwa nini mashindano ya mpira wa vinyoya huchezwa ndani ya nyumba?
2. Leverdez alikuwa na umri gani alipomshinda Lee?
3. Andika sentensi mbili juu ya jambo uliloshindwa mara ya kwanza, kisha ukalirudia.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.