Mama Alisher
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Mahesabu ya hisa na mikopo mweka hazina ameshayasoma, kwa hiyo hatuyarudii. Leo tumependa tumzungumzie mama mmoja ambaye si mwanachama, wala hajui kama sisi tupo. Jina lake Oksana Chusovitina. Kwenye vikao vyetu tumezoea kumwita Mama Alisher, basi ndiye huyo.

Alizaliwa mwaka 1975 huko Bukhara, Uzbekistani, wakati huo nchi hiyo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Kazi yake ni jimnastiki, yaani michezo ya viungo. Wanawake hushindana kwa kuruka, kwa fito mbili za kuning'inia, kwa boriti yenye upana wa sentimita 10 tu, na kwa sakafu. Yeye hasa ni wa kuruka. Unakimbia mita zisizozidi 25, unakanyaga ubao wenye springi, unasukuma meza kwa mikono, unajipindua hewani, halafu utue kwa miguu yako miwili. Ukikosea kidogo ni goti au shingo. Sisi wengine hapa hata kupanda ngazi kupaka chokaa tunaita vijana!

Mwaka 1991, akiwa na miaka 16, alikuwa bingwa wa dunia wa sakafu. Mwaka 1992 kule Barcelona akapata dhahabu ya Olimpiki pamoja na timu ya nchi zilizokuwa za Kisovieti, maana Umoja wenyewe ulikuwa umeshavunjika. Angeweza kuishia hapo, kwani wasichana wengi wa mchezo huo huacha mapema. Yeye akaolewa na mwanamieleka, mwaka 1999 akamzaa Alisher, na mwaka 2000 akaenda tena Olimpiki, Sydney, mtoto hajatimiza hata mwaka.

Mwaka 2002 mtoto akaumwa. Ilikuwa saratani ya damu, na matibabu aliyohitaji hayakupatikana kwao. Klabu moja ya Köln, Ujerumani, ikawapokea, mtoto akaanza kutibiwa huko. Wanajimnastiki wa nchi mbalimbali wakachanga. Lakini mchango, akina mama, tunaujua: siku ya kwanza kikapu kinajaa, mwezi wa tatu watu wamechoka. Basi yeye akashika kazi aliyoijua. Pesa za zawadi za mashindano zikawa pesa za matibabu. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa kuruka, ana miaka 28, mtoto bado mgonjwa. Mwaka 2006 akapewa uraia wa Ujerumani, akaanza kushindana kwa bendera ya nchi hiyo. Kuna wenzetu walipolisikia hilo waliuliza kama si kuisaliti nchi yake. Sisi tuliowahi kulala chini ya vitanda vya wodi hatukubishana nao.

Mwaka 2008, Beijing, akiwa na miaka 33, alipata medali ya fedha ya kuruka. Ndiyo medali yake ya kwanza ya Olimpiki aliyoipata peke yake, siyo na timu. Na Alisher alipona.

Sasa mtauliza habari hizi zilifikaje kwetu. Julai 2021 binti wa katibu alitusomea kwenye simu baada ya kikao. Mama huyu alikuwa ameruka Tokyo, Olimpiki yake ya nane, akiwa na miaka 46, amerudi kwenye bendera ya Uzbekistani. Hakuingia fainali. Ukumbi haukuwa na watazamaji kwa sababu ya korona, lakini wanamichezo na makocha walimpigia makofi, naye akalia.

Binti alipomaliza kusoma tulikaa kimya, na kila mtu alijua tunamfikiria nani. Katika mwaka wetu wa tatu mwenzetu mmoja aliuguza mtoto. Akakosa hisa wiki ya kwanza, tukamtoza faini. Ya pili, faini. Ya tatu vilevile, kwa mujibu wa katiba. Hatukwenda hospitali hata siku moja, ila daftari la faini liliandikwa vizuri sana. Akaacha kuja, na sisi tukasema ameshindwa. Hilo tulilifanya sisi, tukiwa tumekaa duara, na hakuna aliyeinua mkono kupinga.

Tulimfuata nyumbani mara mbili akatupa chai bila neno. Mara ya tatu akasema atafikiri. Faini zake tulizifuta, tukabadilisha kifungu, na ndipo mfuko wa jamii ukaanza, kila mmoja na kidogo chake kila wiki. Leo yupo nasi, mstari wa pili. Ametuomba tusimtaje jina.

Mama Alisher naye hakuacha. Mwaka 2023 alishindana Michezo ya Asia kule Hangzhou, akawa wa nne kwa kuruka, na miaka yake 48.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sanduku la mfuko huo ni lile dogo pale mezani, la kufuli moja. Lile la kufuli tatu ni la hisa. Kabla ya chakula tunaomba upite hapo, na wengine wakufuate.